Nyuma ya mnara wa Blackpool: miezi mitano kwa yaya yangu

Tangu nimerudi mwezi wa kwanza, kila siku ya mkutano ninaulizwa maneno mawili: Ulaya ni namna gani, na ulituletea nini? La pili nilikwisha kulijibu, pipi zimeisha. La kwanza linaomba nafasi, na wamama wa komite wamenipatia nafasi leo.

Wengi wenu munamufahamu yaya yangu. Aliondoka Bukavu wakati wa vita, akapita Uganda, akakaa kambini miaka sita. Halafu Uingereza ikamchukua pamoja na wakimbizi wengine Wakongomani, wakawaweka Bolton, karibu na Manchester. Huko alizaa mtoto wake wa kiume. Baadaye aliskia kwamba kando ya bahari kuna kazi katika mahoteli, akahamia Blackpool. Mwaka 2019 alipasuliwa tumbo, na hakuwa na mtu wa kumpikia uji. Viza walininyima mara ya kwanza, mara ya pili wakanipa ya miezi sita. Tiketi ya ndege haikulipwa na yaya wala na mimi. Ililipwa na wamama Wakongomani wa Bolton, kwa zamu yake ya likelemba. Muone kwamba likelemba ilivuka bahari kabla yangu.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi wa nane nilikuwa ndani ya treni inayotoka Manchester, pamoja na mtoto wa yaya mwenye miaka minane aliyekuja kunipokea na mama mmoja wa Bolton. Safari ni kama saa moja na robo. Ukipita mji wa Preston, nchi inakuwa tambarare kabisa. Mtu wa Bukavu anajiuliza watu hawa wanapata wapi kilima cha kuchungulia jirani. Mara mtoto akaruka kwenye kiti: ameuona! Ni mnara wa Blackpool, umesimama peke yake mbali kama sindano. Kuna desturi ya zamani pale: mtoto wa kwanza kuuona mnara kutoka ndani ya treni anapewa sarafu na wazazi wake. Mimi nilikuwa na noti ya franka 500 tu. Aliigeuza pande mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya soksi.

Mnara ule una urefu wa mita 158. Meya mmoja wa mji, John Bickerstaffe, aliuona mnara wa Eiffel kule Paris mwaka 1889, akarudi na wivu. Mwaka 1894 wa kwao ulifunguliwa. Chini yake kuna jumba la dansi lenye dhahabu ukutani na kinanda kikubwa, na mpaka leo wazee wenye mvi wanacheza pale mchana, wawili wawili, bila haraka. Nilichungulia siku moja. Ningetamani mama yetu awaone.

Lakini mimi sikukaa mnarani. Nilikaa nyuma yake, katika kartie ya katikati, kati ya bahari na barabara inayoitwa Central Drive. Kutoka mlangoni kwetu mpaka majini ni dakika nne kwa mguu. Kule mbele kuna taa, mashine za kamari, punda wa kubeba watoto, harufu ya samaki na frite. Ukikata kona moja, makelele yanakatika, na unaingia katika avenyu za nyumba ndefu za matofali mekundu, etaje tatu au nne, zimebanana bila hata nafasi ya kupitisha mbuzi. Dirisha la mbele la kila nyumba limetokeza nje kama tumbo la mama mja mzito. Juu ya milango mingine kuna majina ya zamani ya hoteli, rangi imekwisha kubanduka. Katika dirisha moja kibao cha kusema vyumba viko kingali kinaning'inia, na ndani hakuna hata pazia.

Nyumba ya yaya ilikuwa moja ya zile. Chumba chake kina namba 7 mlangoni, namba ya wakati wa wageni. Kila chumba kina beseni ya kunawia katika pembe, kwa sababu zamani mgeni alinawa pale asubuhi. Wanakaa watu tisa, vyumba saba, bafu mbili. Yaya, mtoto, na mimi tulilala katika chumba kimoja. Nilipoingia siku ya kwanza na masanduku yangu nilisimama mlangoni nikingoja anionyeshe salon. Yaya alielewa. Akasema: "Ni hapa, mdogo wangu. Ni hapa yote."

Mnisamehe, nitarudi kwenye chumba hicho. Kwanza nieleze nyumba zenyewe, juu ninafikiri zinawahusu wamama.

Kule ndani ya nchi, nyuma ya Blackpool, kulikuwa na miji ya viwanda vya pamba: Oldham, Burnley, Blackburn, Bolton yenyewe. Pamba ilifika Liverpool kwa mashua, ikasokotwa na kufumwa pale, halafu vitambaa vikaenda dunia nzima. Karibu na Manchester kulikuwa hata na viwanda vilivyochapa wax ya kuuza Afrika. Sisi tunasifu wax ya Hollande, lakini Waingereza nao walituvalisha. Waliofanya kazi kwenye mashine zile, wengi walikuwa wanawake. Mwaka mzima walikuwa katika vumbi la pamba na makelele hata wakajifunza kusoma midomo. Kisha kila mji ulikuwa na juma lake moja ambapo viwanda vyote vilifungwa, na mji mzima ukapanda treni kwenda baharini. Juma hili Oldham, juma lijalo Burnley. Majirani wa avenyu moja nyumbani walikuwa tena majirani wa avenyu moja Blackpool.

Na waliowapokea walikuwa wamama. Mwenye nyumba ya wageni wa Blackpool, kwa kawaida, alikuwa mwanamke, na wengi wao walitoka katika miji ileile ya viwanda. Mjane, mke ambaye mume ana kazi nyingine, dada wawili wasioolewa: walikusanya akiba, wakakodi au wakanunua nyumba, wakajaza vitanda. Wakati ambapo hakuna benki iliyomsikiliza mwanamke, hawa walikuwa na biashara yao. Katika chumba namba 2, chini kwetu, kuna mama mzee wa miaka zaidi ya themanini. Mama yake aliendesha nyumba ya wageni katika avenyu ya pili. Nilikuwa nikimpelekea chai, naye akinirudisha katika siku zile, pole pole juu Kiingereza changu ni cha darasani. Alinieleza kwamba wageni walikuja na chakula chao, kila jamaa na nyama yake na mayai yake, na mama yake alipika sufuria nane kwa mara moja bila kuchanganya ya mtu na ya mwenziwe. Na mwisho wa juma aliandika katika hesabu pesa ya kutumia chumvi na pilipili ya mezani. Nilicheka sana. Hata Kadutu hawajafikia kuuza chumvi kwa kunyunyiza!

Wakati wa vita vya pili vya dunia vijana wa jeshi la ndege waliletwa kujifunza pale, kwa maelfu na maelfu, wakalazwa kwa wamama wale wale. Mama mzee alikuwa mtoto mdogo. Anakumbuka mabuti kwenye ngazi.

Halafu, kuanzia miaka ya 1960, ndege za bei nafuu zilianza kupeleka watu Hispania ambako jua haliombwi. Stesheni kubwa ya katikati ilifungwa mwaka 1964. Viwanda vya pamba vikafa kimoja kimoja. Wageni hawakukoma, hata leo wanakuja mamilioni, lakini wanakuja siku moja au mbili, si juma nzima na mji mzima. Nyumba kubwa zenye vyumba kumi zikabaki, na wenye nyumba wapya wakaona ni afadhali kukodisha kila chumba kwa mtu mwenye shida, mwaka mzima. Ndivyo kartie ya wageni iligeuka kartie ya watu wasiokuwa na pa kwenda.

Katika mwezi wa tisa mwaka 2019 serikali yao ilitoa hesabu ya umaskini wa kila sehemu ya Uingereza. Kati ya sehemu kumi za mwisho kabisa, nane zilikuwa Blackpool, na nyingi zilikuwa zile avenyu za katikati. Wanaume wa Blackpool wakati ule waliishi kwa wastani miaka 74 hivi, na katika nchi nzima ilikaribia 80. Ninajua munawaza nini. Kwetu miaka 74 ni baraka, tunachinja ng'ombe. Lakini kwao ni aibu ya taifa, na wako sawa kuona aibu. Meri ya mji imeanza kununua baadhi ya nyumba hizo kuzitengeneza upya, lakini ni nyingi kupita nguvu zake.

Nirudi chumbani. Ukuta wa kaskazini ulikuwa na ukungu mweusi tangu chini mpaka usawa wa kitanda. Nilikuwa ninaufuta kwa maji ya javel siku ya posho, na siku ya posho iliyofuata umekwisha rudi. Mtoto alikohoa usiku kama mzee. Yaya alipompigia mwenye nyumba, aliambiwa afungue dirisha. Wamama, upepo wa bahari ile katika mwezi wa kumi na moja ungeweza kunyoa kondoo! Umeme unanunuliwa mbele, kwa kadi, kwenye duka la kona. Ukiisha usiku, umeisha. Kwa chumba hicho yaya alilipa karibu nusu ya mshahara wake, na garanti juu. Nilikuwa nikihesabu kwa dolari kichwani, kisha nikaacha kuhesabu.

Mtoto anasoma bure, anakula mchana bure shuleni kwa sababu mama yake ana mapato madogo, na darasa lina joto. Kama mwalimu wa Kongo nilisimama kwenye ua wa shule nikiwa na wivu, nisifiche. Tena mwezi uleule wa tisa ndipo kwetu masomo ya bure ya shule ya msingi yalianza, na wenzangu walinitumia ujumbe wakisema wana watoto mia katika darasa moja. Lakini ile ilikuwa shule ya tatu ya mtoto wa yaya. Mara mbili mwenye nyumba alitaka chumba chake, wakahama, na shule ikawa mbali. Mwalimu wake aliniambia kwamba katika darasa lake watoto wanaingia na kutoka mwaka mzima, unamzoea mmoja, juma lijalo kiti chake ni tupu. Hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Nimewafundisha watoto waliokimbia kutoka Hauts-Plateaux na kutoka Walikale. Mtoto anayebadilisha shule utamtambua kwa jambo moja: haachi kitu ndani ya dawati. Hata kalamu anarudi nayo nyumbani. Mtoto wetu alikuwa akilala na mkoba wake chini ya mto.

Sitaki mufikiri kwamba ni huzuni tupu. Mwenye duka la kona, mwanamke wa rika langu, siku ya kwanza kabisa aliniita "love", yaani mpenzi. Niligeuka nione ni nani nyuma yangu. Wanamwita kila mtu hivyo, hata polisi, hata mzee wa kufagia. Maktaba ya mji, kwenye Queen Street, imejengwa tangu mwaka 1911, ina vitabu bure na joto bure, na tulikaa pale siku nyingi za mvua. Mbele ya mnara kuna uwanja ulioandikwa chini, kwenye sakafu yenyewe, maneno ya wachekeshaji zaidi ya elfu moja. Nilijifunza Kiingereza kwa kutembea juu yake nikiinamisha kichwa. Nusu ya vichekesho sikuvielewa, mtoto ndiye alinieleza, na kwa kunieleza alianza kunitafutia maneno ya Kiswahili. Alipofika kwake nilipofika alikuwa anajua manne: mama, maji, kuja, na hapana. Nilipoondoka alikuwa akigombana nami kwa Kiswahili, vibaya lakini bila woga.

Kuna tramu inayokwenda kando ya bahari mpaka Fleetwood. Blackpool ilikuwa na tramu ya umeme tangu mwaka 1885, kati ya miji ya kwanza duniani. Fleetwood ni mji wa wavuvi wenye soko kubwa, na kule tulinunua samaki aina ya makareli, wanaofanana kidogo na wale wetu wa makopo. Bugali tulipika kwa semolina, unga wa ngano wa chenga chenga. Unashikamana, hauna harufu, tumbo linakubali. Sombe hakuna, tulitwanga majani ya kabichi fulani yenye mikunjo pamoja na siagi ya karanga. Yaya alifunga macho akila. Akasema ukifunga macho ni karibu.

Na bahari yenyewe! Mimi ni mtoto wa Ziwa Kivu, maji ninayafahamu yako pale yalipo. Siku ya pili nilikwenda asubuhi kuangalia bahari, nikakuta hakuna. Kulikuwa na mchanga mpaka mbali, na watu wakitembeza mbwa mahali ambapo jana jioni mawimbi yalipiga ukuta. Nilifikiri ni msiba. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Maji yale yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, siku nyingine kwa mita saba au nane. Nilishika desturi ya kwenda kuyangoja. Yanarudi bila kelele, yanajaza kwanza vishimo, unageuka unakuta yako nyuma yako pia.

Sasa taa. Mwaka 1879 meri ya Blackpool iliwasha taa nane za umeme kando ya bahari, na umati ukaja kuzishangaa. Kutoka hapo imekuwa karibu kilomita kumi za taa, baadhi ya magari ya tramu yamepambwa, na mwaka 2019 ziliwaka kila jioni tangu mwisho wa mwezi wa nane mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Nilipoziona usiku wa kwanza nilikumbuka avenyu yetu na mishumaa, na Ruzizi inayopita pale chini na mitambo yake ya umeme, nikakasirika kidogo. Ila yaya alinieleza kwamba taa si mapambo. Ni ujanja wa kurefusha msimu. Bila taa wageni wangekwisha mwezi wa tisa, pamoja na taa walikuja mpaka wa kumi na moja, na hoteli zilihitaji watu wa kutandika vitanda. Yaya alirudi kazini kabla kidonda hakijakauka vizuri, sababu taa zilikuwa zingali zinawaka. Vyumba kumi na nne kwa siku. Nilikuwa nikimfunga tumbo kwa kikwembe kila asubuhi chini ya uniformu.

Usiku mmoja zilizimwa. Kesho yake hoteli ikamwambia saa zake zimepunguka, aje siku mbili kwa juma.

Mwezi wa kumi na mbili mama alipiga simu. Munajua nyumba ya mama: mabati ya upande wa jikoni yametoboka, na mvua ya Bukavu haibembelezi. Aliomba mabati kumi na mawili kabla ya Noeli. Yaya alijibu: "Ndiyo mama, nitaangalia." Alipokata simu alitoa daftari la shule kutoka chini ya godoro akaandika. Nililisoma akiwa bafuni, nikosewe au nisikosewe. Lilikuwa na miaka yote. Dawa za papa. Kilio cha shangazi. Masomo ya watoto wa kaka. Na nikajikuta: mwaka niliomaliza chuo cha pedagojia nilimwandikia kwamba nina haya kufanya sherehe bila kuku, akatuma dolari 150. Sikumbuki kama nilimshukuru vema. Chini ya mstari ule aliandika kwa kalamu nyekundu: deni ya nyumba, juma tatu.

Tulibishana usiku ule kwa kunong'ona, mtoto asiamke. Yaya alikuwa hajapata kumwambia mtu yeyote nyumbani. Picha alizotuma zote alipiga mbele, kwenye taa na mnara, hakuna hata moja ya avenyu yetu. Alisema: "Mkijua, nitakuwa nimekimbia bure." Nikamjibu kwamba mimi pia nilikuwa kati ya waliomkamua. Hakunijibu, aligeukia ukutani.

Siku mbili baadaye alinipa simu mwenyewe. "Mwambie wewe. Unajua kueleza, ni kazi yako." Nikamweleza mama: chumba, ukungu, beseni ya pembeni, siku mbili kwa juma. Upande wa pili ulinyamaza muda mrefu, nikafikiri salio limekwisha. Halafu mama akauliza kwa sauti ya hasira kwa nini tulimdanganya miaka yote hii. Kisha akauliza kama tumbo la yaya limefunga. Kisha:

"Na hizo taa, wanaziwasha tena lini?"

"Mwezi wa nane, mama."

"Basi mabati yatangoja mwezi wa nane."

Yaya amenipa ruhusa kuandika haya yote, isipokuwa jina lake. Ametafuta chumba kingine katika avenyu hiyohiyo, kwa sharti moja: mtoto asibadilishe shule. Nilikwenda kwa mama jumapili iliyopita. Mvua ilikuwa inanyesha, na beseni mbili zilikuwa chini pale jikoni, moja ya plastiki na moja ya enameli, kila moja na sauti yake.